Marahaba Isiyofika

Nyumbani kwetu nimeshachoka kueleza ninachosomea. Nikisema anthropolojia ya vyombo vya habari, baba hutikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha huwaambia wageni kuwa nasomea utangazaji. Wadogo zangu ndio wabaya zaidi. "Huyu analipiwa ada aangalie watu wanaoangalia runinga," husema, nami hushindwa kununa kwa sababu hawajakosea sana.

Kwa utafiti wangu wa mwisho nilimchagua mama mkubwa, dada yake mama, anayekaa peke yake tangu mwanawe wa pekee aende ng'ambo. Mhadhiri alinionya: kaa, tazama, usijitie kimbelembele. Nami kimbelembele ndicho kipaji changu. Nikawa naenda kila asubuhi, naketi jikoni kwake nikiwa nimejiuma ulimi, naye anaendelea na shughuli zake, simu kaiegemeza kwenye birika la chai.

"Hivi ukimaliza utaajiriwa na nani?" aliniuliza siku moja.

"Redio, kampuni za simu, hospitali zinazotaka matangazo yao yaeleweke. Wote hao wanataka kujua watu wanasikiaje, wanajibuje."

Akaguna. "Yaani ulipwe kwa umbea."

Ujumbe wa sauti wa kaka, huyo mwanawe, huingia asubuhi, kabla hajaenda kazini. "Shikamoo mama. Huku baridi imezidi. Nimepata koti." Mama mkubwa huacha kila kitu. "Marahaba, mwanangu," humjibu, kaiinamia simu. "Koti lenyewe lina mfuko wa ndani? Pochi usiiweke nje. Na kifua chako hicho, unakijua." Huongea mpaka chai ipoe, kisha huifuta simu kwa upindo wa nguo yake na kurudi kwenye masufuria.

Nilichelewa kugundua kwamba habonyezi kitufe cha kurekodi. Maneno yote yale yalikuwa yanaishia pale pale jikoni.

Huenda ningeendelea kutazama tu, lakini jioni ya siku niliyogundua hilo kaka akanipigia. "Dada, mama bado amenuna? Najua niliondoka bila ridhaa yake. Lakini namsalimia kila siku, sijapata hata marahaba. Nimechoka. Kesho namsalimia mara ya mwisho, kisha nitaacha kumsumbua."

Roho iliniuma. Onyo la mhadhiri nikaliweka kando. Asubuhi nikamshika mama mkubwa mkono, nikamwonyesha kile kitufe taratibu, kidole juu ya kidole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Alinitazama kwa huruma. "Unadhani sikijui?"

"Sasa mbona hukibonyezi?"

"Nilibonyeza siku za mwanzo. Kabla sijasema neno nikaanza kulia, nikaufuta ujumbe haraka. Mwanangu namjua. Akisikia nalia ataacha kazi arudi. Nikimjibu hivi hivi, silii."

"Anadhani umemnunia, mama mkubwa. Anasema leo ndiyo mwisho."

Akakaa. Akachukua kijiko, akakirudisha mezani. "Mimi nimnunie mtoto wangu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. Nilimkumbatia mabega.

Vitabu vyangu havikuwa na la kunishauri. Ila zile asubuhi za kukaa kimya nilikuwa nimeona jambo: mama mkubwa huongea vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Nikafungua bomba, nikamwambia aoshe vyombo.

"Umbea wako huo una mambo," akasema, lakini akakunja mikono ya blauzi.

Ujumbe wa siku ile ulikuwa umeshaingia. Nikaufungua, nikamsogezea simu karibu na sinki. "Shikamoo mama," sauti ya kaka ikasema, bila habari ya baridi wala ya koti.

Nikabonyeza mimi. Maji yakachuruzika, sahani zikagongana. Mama mkubwa akasugua kikombe kile kile, akakisugua tena, na pumzi yake ikakwama, kisha ikakaa sawa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na zile za nyuma zote, marahaba. Sasa niambie, hilo koti lina mfuko wa ndani?"