Swali la Chumvi

Nimekuwa nikikausha mayai ya samaki tangu sijaolewa, na hakuna wa kunifundisha. Unatoa kifuko chake kizimakizima, unakipaka chumvi, unakikandamiza kwa ubao, kisha unakianika mpaka kiwe kigumu, chekundu cha kuiva. Ukikichana, imekula kwako.

Lakini binti yangu ni mtaalamu wa lishe hospitalini, na kila Jumapili nampigia simu kuuliza kama mtoto wa chekechea.

"Eti mwanangu, haya mayai yana faida gani mwilini?"

Hapo ndipo anapofunguka. Nikimuuliza kazi, "salama." Nikimuuliza mumewe, "yupo." Lakini nikigusa lishe, weee! Protini tele, mama. Mafuta mazuri kwa moyo. Vitamini B12 ya damu na neva. Ila lehemu ya kuziba mishipa ipo, na chumvi imezidi. Wewe na presha yako, kipande chembamba tu, tena si kila siku. Mimi naitikia "Kumbe!" huku nakunja nguo. Yote nimeshayakariri. Tangu baba yake afariki, nyumba hii haina sauti ila ya friji, na friji haijui kuniita mama.

Kuuliza nako kuna ufundi. Ukimaliza maswali leo, Jumapili ijayo utasema nini? Kwa hiyo leo chumvi, kesho lehemu, siku nyingine kama wajawazito wanaruhusiwa. Hilo la wajawazito alilikwepa akaniaga haraka, nikaliacha.

Jumapili iliyopita hakupokea. Jioni ukaingia ujumbe wa sauti, mrefu kwelikweli.

"Mama, nimekurekodia kila kitu kuhusu mayai ya samaki, usihangaike tena kupiga. Sikiliza wakati wowote."

Amejitahidi, masikini. Ameanza na protini, akamalizia na chumvi, polepole, kama anaongea na mgonjwa. Nilisikiliza mpaka mwisho nikisubiri aniulize nimeshindaje. Hakuuliza. Roho iliniuma.

Nikampigia, akapokea.

"Mama, hujapata ujumbe?"

"Nimeupata."

"Sasa hujaelewa wapi?"

Ningesema nimekukumbuka tu, mwanangu, yangekwisha. Kiburi kikanishika.

"Hapo pa chumvi," nikasema.

"Basi rudia pale mwishoni, nimeeleza vizuri. Nina wageni, mama."

Nimerudia. Ameeleza vizuri kweli.