Annetje wa Kwanza

Kwa miaka thelathini na moja ufunguo wa makaburi ya zamani ya Krommekill ulikaa kwangu, na sitaki mtu asingizie kwamba nilikuwa mpole. Nilikuwa mkali. Nafasi zilizobaki zilikuwa kumi na tisa tu, na kanuni ilikuwa moja: hazikwi mle ila mzao wa nyumba kumi na mbili za mwanzo, wale Waholanzi waliopanda mto Hudson mwaka 1661, wakakata miti kwenye ardhi ya Waesopus, wenyeji wa asili wa Marekani, na kusimamisha kanisa kabla hawajamaliza kuezeka nyumba zao wenyewe. Anayedai ni mzao wao alete karatasi, kizazi baada ya kizazi, bila pengo. Mimi, Lavina Kortvelt, mtunza daftari wa Chama cha Nyumba Kumi na Mbili, ndiye niliyezipima karatasi hizo. Wengi walitoka mlangoni kwangu wamenuna, na mimi nikanywa chai yangu.

Annetje Wolfert alikuja Machi ya mwaka 1987, theluji ikiwa bado imeganda pembeni mwa ukuta wa kanisa. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mabega mapana, viatu vya shambani. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae.

"Baba yangu ni Dirk Wolfert," alisema.

"Namfahamu."

"Wewe ndiye uliyemkatalia."

"Kanuni ndiyo iliyomkatalia."

"Kanuni haina mwandiko, Bi. Lavina. Ile barua ina mwandiko wako. Baba ameitunza kwenye Biblia miaka ishirini na mitano."

Nikamsogezea sahani ya maandazi.

Nani asiyemjua Mzee Dirk? Alikuwa na shamba la matufaha juu ya kilima, na mwaka 1931 alimzika mwanawe wa kwanza, msichana wa miaka mitatu aliyekufa kwa dondakoo, katika kona ya mashariki ya makaburi yale. Wakati huo hakukuwa na kanuni wala ufunguo. Kila mtu alizika. Kanuni tuliiweka baadaye, nafasi zilipoanza kwisha. Mwaka 1962, mkewe alipokuwa mahututi, alikuja kuomba wazikwe wote wawili pale, karibu na mtoto. Nikapekua madaftari, nikamwandikia kwamba haiwezekani. Mkewe alipofariki akazikwa kwao, ng'ambo ya mto, pamoja na ndugu zake. Dirk hakugomba. Alivaa kofia yake akaenda zake, na kila Jumamosi, majira ambayo hakuna theluji, nilimwona kupitia dirisha la ofisi yangu amepiga magoti na mkasi wake, akipunguza majani ya kaburi lile dogo. Nilikuwa nikijiambia kwamba roho hainiumi. Ilikuwa ikiniuma.

"Yuko hospitali," Annetje alisema. "Moyo. Daktari anasema tusihesabu miezi, tuhesabu wiki. Hataki kitu kingine chochote, anataka kulala pale kwa mwanawe. Nimekuja unionyeshe kwa nini haiwezekani. Sitaki kusimuliwa, nataka kuona."

Nikamtolea kitabu cha ubatizo na kitabu cha maziko. Karatasi za kale, wino umegeuka rangi ya kutu. Nilimtafsiria Kiholanzi kile polepole, huku nikifuatisha kwa kidole bila kugusa.

"Huyu Wolfert, mwana wa Jacob, ni mmoja wa wale kumi na wawili. Ndipo lilipotoka jina la ukoo wenu. Hapa, mwaka 1664, anabatiza mtoto wa kiume, Jacob. Sasa tazama huku kwenye maziko, 1666: Jacob, mtoto wa Wolfert, miaka miwili. Nyinyi mnasema mmetoka kwa Jacob aliyeoa mwaka 1691. Lakini Jacob wa Wolfert alikuwa ameshazikwa miaka ishirini na mitano. Huyo aliyeoa ni Jacob mwingine, mgeni, hatujui katoka wapi."

"Kwa hiyo sisi ni wazao wa mtu asiyejulikana."

"Kwa karatasi, ndiyo."

"Na huyu?" Alikuwa ameshafunua mbele, mkono wake mzito ukiwa mwepesi ajabu juu ya karatasi. "Hendrick, 1670."

"Mdogo wake. Alikufa bila kuoa. Hakusaidii."

"Kapewa jina la nani?"

"La babu mzaa mama. Ndiyo desturi yao: mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Hata baba yako naona aliifuata kwa upande wa wasichana."

"Aliifuata sana," alisema. "Unajua mimi nimekua nikisoma jina langu kaburini? Annetje Wolfert, limechongwa kabisa, kabla sijajua kusoma neno jingine. Bibi mzaa baba aliitwa Annetje. Yule wa kwanza alipofariki, nilipozaliwa mimi wakanipa mimi. Mdogo wangu ndiye akapewa Hilda, jina la bibi mzaa mama." Akaliweka chini andazi aliloanza kulila. "Sasa nieleze, Bi. Lavina. Jacob mdogo kafariki. Miaka minne baadaye anazaliwa mvulana. Huyo babu Jacob alikuwa bado hai?"

Nikatazama. "Alikuwa hai. Ndiye msimamizi wa ubatizo wa Hendrick."

"Amesimama pale kanisani, jina lake limekufa, na mvulana anapewa jina la upande wa pili? Na akanyamaza?" Akacheka, kicheko kifupi. "Mimi nimelelewa na babu Mholanzi, mama. Pangekuwa na vita humo ndani. Yule mchungaji angetoka na jicho limevimba."

Sikucheka. Desturi ile nilikuwa nikiwafundisha watoto wa shule kila mwaka, nikiichora ubaoni. Hendrick asingeweza kuitwa Hendrick kama jina la Jacob halikuwa na mwenyewe. Alikuwepo mvulana mwingine kati yao, mzima wa afya, ambaye ameshalichukua.

"Nilimtafuta," nilisema. "Mwaka ule wa 1962. Najua walikuwa wakilirudia jina la mtoto aliyekufa, si mjinga. Nilipekua kitabu chote. Hayumo."

"Hebu nione kati ya 1666 na 1670."

Nikafunua. Ukurasa mmoja, mweupe. Chini ya wino wa mwaka 1666 kuna nafasi, kisha mwandiko mpya unaanza mwishoni mwa 1669.

"Miaka mitatu hakuzaliwa mtoto?" aliuliza. "Baridi yote ile?"

Hapo ndipo nilipoona haya mpaka masikio yakapata moto. Hatukuwa na mchungaji miaka ile. Yule wa kwanza alirudi kwao Uholanzi, amechoshwa na baridi na waumini wake, na wa pili alichelewa kuletwa. Jambo hilo limo katika kijitabu cha historia ya kanisa, nimekiandika mwenyewe. Lakini Krommekill kwangu ilikuwa dunia nzima. Haikunijia kwamba watu wale wangeweza kumbeba mtoto kwenye mtumbwi na kumpeleka kubatizwa kanisa la watu wengine.

"Una gari?" nilimuuliza.

"La matufaha."

"Linatosha."

Oudwyck, ambako miaka ile kulikuwa na mchungaji, iko maili ishirini na mbili kupandisha mto, na makanisa yetu mawili hayajapendana tangu enzi za babu. Mtunza daftari wao, Bwana Evert Maasen, alinipokea kwa tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo.

"Bi. Kortvelt! Krommekill kumekwisha vitabu?"

"Tunacho kimoja chenye pengo, Bwana Maasen. Nimekuja kuomba msaada wako." Maneno hayo yalinitoka kwa shida, naye alijua, akaenda kuleta kitabu.

Tulikaa saa mbili. Annetje hakujua Kiholanzi, lakini nilikuwa nimemfundisha njiani sura ya jina lile kwa mwandiko wa kale, na yeye ndiye aliyeliona kwanza. Alinigusa mkono tu. Oktoba 1667: Jacob, mtoto wa Wolfert mwana wa Jacob, wa Krommekill. Msimamizi, babu yake. Yule yule.

"Huyo hapo," alisema Annetje kwa sauti ndogo. "Jacob wa pili. Mwenzangu."

Bwana Maasen alitaka kusema kitu cha kunichoma, akamtazama yule mama, akaenda kuchemsha kahawa.

Kibali nilikiandika pale pale kwenye meza yao, kwa mkono wangu, na chini yake nikaandika kwamba barua ya mwaka 1962 ilikuwa kosa la mtunza daftari. Siku zile mtunza daftari ndiye mwenye neno la mwisho. Kamati ya Chama ingesikia baadaye. Nikamwambia Annetje anipeleke hospitali moja kwa moja, kwa sababu nilijijua: nikilala usiku mmoja nitatafuta namna ya kukituma kwa posta.

Mzee Dirk alikuwa amekonda, mikono yake mikubwa imelala juu ya shuka. Nilimsomea kibali, na lile la kosa pia nikalisoma.

"Nilikukosea, Mzee Dirk. Wewe na marehemu mkeo. Lako naweza kulirekebisha. Lake siwezi, na kwa hilo naomba radhi."

"Mke wangu alikuwa akisema utakuja," alisema. "Mimi nilibisha." Kisha akafumba macho, na machozi yakashuka kuelekea masikioni, naye hakuyafuta.

Nilitaka kuondoka, lakini Annetje alikuwa amesimama kati yangu na mlango, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata alichokitaka.

"Baba," alisema. "Sasa utalala kwake. Nimefurahi, kweli. Lakini niulize kitu kimoja?"

"Uliza."

"Jumamosi zote zile. Mvua, jua, wewe uko kwake. Siku ya harusi yangu pia, asubuhi, ulikwenda. Mimi nilikuwa nikikuona. Nikajua yeye ndiye Annetje, mimi ni kiraka tu. Sikulaumu. Nataka tu unijibu, nisije nikabaki najiuliza."

Mzee alifumbua macho, akahangaika kuinuka, tukamwekea mto mgongoni.

"Kiraka?" alisema. "Nani kakwambia kiraka?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Umeona nikikata majani. Hukusikia nilichokuwa nikisema." Akavuta pumzi. "Yule mdogo alikufa hajui lolote, mwanangu. Miaka mitatu, angejua nini? Nilikuwa nikimpelekea habari za jina lake. 'Leo jina lako limejua kusoma. Leo jina lako limeanguka kutoka juu ya mtufaha, limevunjika mkono, halikulia. Leo jina lako linaolewa, na gauni ni la mama yako.' Hizo ndizo Jumamosi zangu. Nilikuwa nikizungumza habari zako wewe, mtoto wewe. Miaka yote hiyo, wewe tu."

Annetje aliketi ukingoni mwa kitanda na kulia kama anavyolia mtu mwenye mabega mapana, bila sauti, kitanda chote kikitikisika. Mimi nilisimama dirishani, nikijidai natazama magari.

Mzee Dirk alifariki wiki ya pili ya Aprili. Nafasi zikabaki kumi na nane. Kamati iliniuliza maswali mawili matatu, nikawajibu, nao wakaona ni vizuri wakae kimya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ofisini, dirisha wazi kwa sababu joto lilikuwa limeanza. Annetje alikuja na mkasi wa baba yake. Alipiga magoti kati ya makaburi yale mawili, akaanza kukata majani machanga, na baada ya kitambo nikamsikia anazungumza, polepole, akitaja jina lao yeye na dada yake.

Nikafunga dirisha. Hayakunihusu.