Meza ya Hedwiga Yafika kwenye Robot

Jumapili hiyo, adhuhuri, foleni ya mgahawa wa Wachina pale Derrick Avenue, Cyrildene, ilikuwa imetoka mlangoni na kulipita duka la mboga. Watu walishika vikaratasi vya namba, wakinusa mvuke na kuwachungulia waliokwisha kukaa, wakiwaombea kimoyomoyo wamalize haraka. Hedwiga alisimama humo na binti yake Lerato. Alivaa gauni la kitenge cha njano aliloshona mwenyewe kwenye karakana yake Doornfontein, na kilemba kirefu mpaka mtu wa nyuma yake akawa anainama pembeni ili aone namba gani inaitwa. Hedwiga hakukipunguza. Ijumaa iliyotangulia Lerato alikuwa ameapishwa kuwa wakili, na siku ya namna hiyo mtu hafungi kilemba cha sokoni.

Alikwisha kumwambia mlinzi wa magari, muuza mboga na watu wawili wasiomjua. "Huyu hapa? Wakili. Wa Mahakama Kuu." Lerato alimvuta mkono amnyamazishe, kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza au Kizulu, kama watoto wengi waliokulia hapa, na mama yake alikwisha choka kumgombeza.

Mhudumu aliyewapokea alikuwa Cédric, mtu wa Lubumbashi, aliyemfahamu Hedwiga tangu zamani.

"Mama, leo tuko bangapi?"

"Wawili."

Cédric aliitazama meza ya watu wawili, akaitazama njia yote kutoka mezani hadi mlangoni, kisha akaanza kusogeza mitungi ya maua.

Inafaa kueleza, kwa wasiomjua. Kwao Hedwiga, Morogoro, mtu hatii tonge mdomoni mbele ya mpita njia bila kumwambia karibu. Na mpita njia mwenye adabu zake hujibu "Starehe" au "Nimeshiba", akaenda zake, na kila mmoja amempa mwenzake heshima bila kumpunguzia chakula. Tatizo la Johannesburg ni kwamba watu hawajui kukataa. Ukiwaambia karibu, wanavuta kiti. Hedwiga ameishi hapa miaka na miaka na kosa hilo hajaliacha, na wala hana nia. Tangu Mei 2008, alipokuwa kwenye mahema ya waliofukuzwa, kila aliyeitika karibu yake na kukaa, meza ilirefuka kiasi cha kiti kimoja. Ilianza na ubao uliolazwa juu ya matofali, na mkate mmoja na maharage. Wasimamizi wa mahema walifurahi, maana meza zilikuwa chache.

Sasa hiyo Mei. Marehemu Sipho, mumewe, aliporudi kutoka uhamishoni na mke wa Kitanzania, alijenga nyumba ya matofali ya vyumba viwili kule Alexandra. Sipho akafa kwa maradhi yake. Kisha wakaja watu na mapanga na viberiti, wakifukuza wageni, na Hedwiga akatoka amemshika Lerato mkono, na blanketi moja. Alipopita tena baadaye alikuta pazia la mtu mwingine dirishani. Mwenye pazia alikuwa Malesela.

Malesela hakumpiga mtu wala hakuchoma kitu. Aliikuta nyumba wazi, akaingia. Kwenye kikao cha mtaa alisimama akasema kwamba mwanamke huyo hamjui, kwamba Tanzania hajapata kuikanyaga, na uhamishoni kwake yeye kulikuwa Zambia. Hedwiga alikuwa amekaa palepale mbele yake. Mtu huyohuyo ujana wake aliumalizia Mazimbu, nje kidogo ya Morogoro, pamoja na Sipho. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokaa pale walijipa majina, na yeye alijiita Duma. Kila Jumapili Duma alikula wali na maharage kwenye jamvi la mama yake Hedwiga, mpaka akajua mwenyewe ukoko unakwanguliwa upande gani wa sufuria. Kikao kikauliza kama kuna shahidi. Shahidi hakuwepo. Hedwiga akasema shukrani ya punda ni mateke, akalisema kwa Kiswahili na kwa sauti, na hakuna aliyetaka kutafsiriwa.

Kwa hiyo kesi ya kwanza ya Lerato ilijulikana kabla hajaingia hata shule ya sheria. Alihitaji mtu mmoja tu wa kuthibitisha kwamba Malesela anamjua mama yake.

Vikapu vya mianzi vilifika, vimepandana. Hedwiga alifunua cha juu, akakuta mviringo mweupe, laini, wenye nyama ndani.

"Hili ni andazi lililokosa mafuta," alisema, akala mawili. Miguu ya kuku haikuhitaji kuelezwa, Joburg nzima inaijua. Vifurushi vya kamba wa baharini vyenye ngozi nyembamba alivishika kwa vidole, akaviangalia mshono wake kwa jicho la fundi, akaridhika.

Bibi mmoja wa Kichina alipita akielekea msalani. "Karibu, tule." Bibi akakaa. Wakapita wanakwaya watatu na sare zao. "Karibuni." Wakakaa. Kila aliyekaa, meza iliongezeka upande wake bila kutoa sauti, kitambaa kikajinyoosha nayo, na sinia la kioo la katikati, lililokuwa duara, likawa refu kama mkeka, ila liliendelea kuzunguka. Mwenye mgahawa alitokeza kichwa kutoka kaunta, akaona foleni inaisha, akaagiza vijiti vya kulia viongezwe. Meza ilipofika mlangoni Cédric aliufungua mlango wa pili. Ikatoka, ikalipita duka la mboga, ikashuka ukingo wa barabara na kusimama kwenye robot, yaani taa za barabarani. Dereva wa teksi aliyekuta taa nyekundu alikula vifurushi viwili kupitia dirishani, na ilipowaka kijani akashukuru, akaenda. Walikaa pia wafu wawili watatu wa ile Mei, waliokuwa wakipita. Walikula polepole na hawakumsumbua mtu. Sipho hakuja. Huyo hata alipokuwa hai hakupenda vyakula vya mvuke.

"Huyu binti ni wakili," Hedwiga aliwaambia wote. Meza ile ilipitisha sauti vizuri, alichosema kilisikika hadi kwenye robot, na huko mwisho watu wakapiga makofi. Lerato alificha uso kwa menyu, lakini alikuwa anacheka.

Hapo ndipo mzee mmoja mwenye koti la kijivu alipotoka kaunta na mfuko wake wa chakula cha kwenda nacho. Alipita nyuma ya kiti cha Hedwiga.

"Karibu, tule," alisema Hedwiga bila kugeuza shingo.

"Starehe, mama," alijibu mzee, na mkono kifuani.

Hedwiga alifurahi. Ndani ya Johannesburg, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumjibu ipasavyo. Aligeuka amwone ni nani mwenye malezi mema namna hiyo, akamwona Malesela.

Malesela naye akamwona. Mkono ulibaki kifuani. Mezani vijiti vilitulia, kwa sababu watu walimwona Lerato akisimama.

"Karibu, mzee," alisema Lerato. Alisema kwa Kiswahili, kikiwa kimenyooka, na mama yake, pamoja na yote yaliyokuwa mbele yao, alijisikia fahari. Kukataa karibu ya kwanza ni adabu. Kukataa ya pili ni jeuri, na Malesela alilijua hilo.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema, lakini miguu haikuondoka.

"Kaa, Duma," alisema Hedwiga. "Chakula kinapoa."

Akakaa. Meza ikaongezeka kiti kimoja.

Lerato aliinama sikioni kwa mama yake, akarudi kwenye Kiingereza cha kazi yake. Ameitika jina, alisema. Ameitika mbele ya mtaa mzima. Mwulize sasa hivi, Mama, nyumba ni ya nani, mwulize akiwa amekaa.

"Anakula."

"Mama."

"Mwache ale. Mgeni hasomewi mashtaka na tonge mdomoni."

Tusidanganyane, Hedwiga alikuwa na hasira. Angeweza kumwuliza. Lakini akimwuliza hapo, basi atakuwa amemwalika ili amnase, na mama yake hakumlea kutegea watu kwa chakula. Nyumba alikwisha nyang'anywa. Hii nyingine aliyobaki nayo, ya kumpa mtu kula bila kumdai, hakuwa tayari kuitoa kwa mkono wake mwenyewe. Alivuta kikapu cha vifurushi vya kamba, akamchagulia vilivyojaa, akaviweka mbele yake.

Malesela alikuwa mgeni mzuri. Alikula kwa hamu, akasifu ngozi ilivyo nyembamba, akamsogezea bibi wa Kichina chai kabla ya kujimiminia. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kama vile Kiswahili ndicho pekee alichopata kukisema maishani:

"Na mama hajambo?"

"Alifariki."

"Pole sana. Alikuwa na mkono wa kupika, mama yule."

"Alikutaja mpaka mwisho," alisema Hedwiga. "Aliuliza kama Duma alifika kwao salama."

Malesela alitafuna, akameza.

"Nilifika," alisema. "Nilifika salama."

Lerato alizunguka meza nzima, kiti kwa kiti, hadi kwenye robot na kurudi. Aliuliza nani amesikia. Wote walisikia. Aliuliza nani yuko tayari kuyasema mahakamani. Mwanakwaya mkubwa alimjibu kwa upole kwamba sauti waliisikia, ila Kiswahili hawakijui, hawakujua inasema nini. Bibi wa Kichina alimpa andazi. Wafu walielewa kila neno na walikuwa tayari, na Lerato, kwa heshima, aliwaeleza kwamba mahakama haiwapokei. Akamwendea Cédric.

"Miye nimesikia yote," alisema Cédric. "Lakini karatasi yangu ya ukimbizi ilishapita tarehe. Ku tribunal batanikamata miye kwanza." Alikuwa na aibu, akainua vikapu vitupu ili mikono yake iwe na kazi.

Lerato alirudi kukaa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mama yake alimshika goti chini ya meza, akalikamata kwa nguvu.

Malesela alimaliza. Alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa cha moto, akaweka vijiti sambamba juu ya bakuli, akasimama. Aliupeleka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, vile alivyofundishwa kwenye jamvi la Morogoro, na akasema kile ambacho mgeni mwenye adabu lazima akiseme anapoaga.

"Nashukuru, mama. Nimekula, nimeshiba. Siku moja karibuni na kwetu."

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Hedwiga alinyoosha mgongo. Kwa kilemba kile, akiwa amekaa, alikuwa anakaribia kimo cha Malesela aliyesimama.

"Asante," alisema. "Tutakuja. Ule mlango wa jikoni usiuvute hivihivi, uunyanyue kidogo kwanza. Sipho hakuwa fundi wa milango."

"Najua," alisema Malesela. "Nimeshauzoea."

Akachukua mfuko wake. Aliifuata meza urefu wake wote, waliokaa wakisogeza viti kumpisha, akafika kwenye robot, akangoja taa iwake, akavuka kwenda kupanda teksi ya Alexandra.

Hedwiga alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea. Kisha akaagiza birika jingine, maana wageni walikuwa bado wamekaa na mwenyeji haondoki kabla yao. Alikunywa nao hadi wa mwisho alipoaga, na Hedwiga akamwambia kila mmoja tena huyu binti ni nani. Meza ilirudi kuwa ya watu wawili, na Cédric akaifuta.

Jioni walirudi Berea, kwenye chumba anachopanga Hedwiga, chumba cha kitanda kimoja ambacho meza haijapata kuingia. Walikaa kitandani wakala maandazi waliyofungiwa, mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita koridoni aliambiwa karibu.