Kitambaa Chekundu

Gereji yetu ina mwiko mmoja: gari lenye kitambaa chekundu kwenye usukani haliendeshwi. Kwenye gari la shemeji, mume wa dada, nilikifunga kwa mkono wangu. Gari lenyewe kuukuu, ila alitaka lipande milima, nikaliinua kwa springi ndefu. Ikabaki kubadilisha mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, maana ya zamani sasa ni mifupi: tairi likizama shimoni, mpira unakatika, na breki kwaheri.

Nikatoka kununua mipira. Kurudi, gari halipo. Kitambaa kiko sakafuni, kimejaa vumbi. Shemeji, bwana mkubwa, amefutia kioo!

Nilimwambia asubiri. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikampigia simu. Akapokea dada.

"Hongera, mdogo wangu! Gari limekuwa refu kama twiga. Shemeji yako anavyoringa!"

"Dada, mwambie asimame! Sasa hivi!"

"Ngoja kwanza tuteremke huu mlima," akasema, akicheka. Kisha nikamsikia akimuuliza mumewe, "Mbona unakanyaga hivyo?"