Zamu ya Kaunti ya Tolliver

Kiti cha seneti ya jimbo kilikuwa cha kaunti tatu, na kila moja ilikikalia kwa zamu. Sheria haikusema hivyo. Wanaume walipeana mikono, basi, yakaisha. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Tolliver, na Tolliver nzima ilijua nani kaisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi: wakili Lamar Pruett.

Siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea, karani wa mahakama akamwambia kwamba Hoyt Stancil kajiandikisha tena. Hoyt! Mtu aliyekwisha kula zamu ya kaunti yake, rafiki aliyemsimamia harusi! Lamar alimfuma kwa kinyozi, uso umejaa povu.

"Hoyt, hii zamu yetu."

"Nani kasema?"

"Wewe! Ulinipa mkono mezani kwangu, ukila keki ya mke wangu!"

Hoyt akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni. "Wakili mzima, kila siku unawafokea wateja waandikishane. Haya, yetu tuliandikishana wapi? Lete karatasi, ndugu yangu."

Karatasi Lamar alikuwa nazo makabati manne, wosia na mipaka ya mashamba ya watu. Hiyo moja hakuwa nayo. Nani anamwandikisha rafiki yake? Roho ilimuuma, lakini akaenda kujiandikisha naye.

Jumamosi watu wakajaa uwanja wa mahakama kuwasikiliza wagombea, nguruwe wa kuchomwa tele, na Hoyt akatangulia kupanda jukwaani. Alipofungua kinywa tu, Lamar akayatambua maneno. Loo! Ilikuwa hotuba yake mwenyewe, aliyoihangaikia majira yote ya baridi, kisha akampa Hoyt amsomee na kumrekebishia. Mshenzi yule hakubakisha hata nukta. Shamba la baba yake Lamar lililopigwa mnada, Hoyt alilifanya la baba yake, na machozi juu.

Watu wa Tolliver, watu wake mwenyewe, wakashangilia na kurusha kofia. Zamu ya Lamar ilikuwa inafuata, na mfukoni alikuwa na maneno yale yale.

Mkewe Idella, ambaye hotuba hiyo hakuwahi kuonyeshwa, alijifuta macho.

"Nisamehe, mume wangu. Najua ni nyoka," alinong'ona. "Lakini wewe maneno kama haya ungeyatoa wapi?"