Jiko Chini ya Injini

Mume wangu Kefa alimwita kaka yangu mwizi mbele za watu, Makambako, pale malori yanaposimama, Alhamisi mchana. Sikuwapo, lakini nililetewa habari yote, maana watu hawana kazi. Alisema Elieza ameuza petroli yetu na kujazia mafuta ya taa, ndiyo sababu pikapu inakohoa na kuishiwa nguvu mlimani. Akamnyang'anya ufunguo, akamwacha pale na koti lake begani, akarudi Njombe peke yake huku gari likishtukashtuka njia nzima. Mtu aliyemwendeshea mahindi ya Mlangali miaka mitatu bila hata gunia moja kupotea!

Jumamosi asubuhi akaja Lameki, muuza vitambaa, katoka Makambako.

"Mama Ema, kaka yako yuko kwa wale wanaoandikisha manamba wa mkonge. Anasema udereva basi tena, nani atampa mwizi gari? Saa tisa karani anawawekesha dole gumba, kisha lori linaondoka nao kwenda Tanga."

Damu ilinichemka. Nilimkuta Kefa anakunywa uji, ametulia tuli.

"Baba Ema, inuka uwashe gari."

"La nini?"

"Nikuonyeshe mwizi wako."

"Mwanamke na injini wapi na wapi?"

Nyoo! Na miaka yote hiyo nani alikuwa anamshikia Elieza spana uani, wakati yeye yuko dukani anapiga soga? Nilimwondolea bakuli. Akainuka.

Gari liliwaka, likaanza kutetemeka na kukohoa. Nikafungua boneti. Injini yetu ina silinda nne, kila moja na plagi yake na waya wake wa kuleta moto. Nikajizungushia kitambaa kikavu mkononi, nikachomoa waya wa kwanza. Injini ikalegea, ikataka kuzima. Nikaurudisha. Wa pili, vilevile. Nikaruka nikachomoa wa nne, ikalegea. Halafu wa tatu. Hakuna kilichobadilika, injini ilikohoa kama ilivyokuwa inakohoa.

"Umeona? Silinda ya tatu haichomi."

"Mafuta ya taa hayo," akasema Kefa.

"Mafuta ya taa yanachagua silinda? Yangekuwamo, zingekohoa zote nne!"

Nikazima gari, nikaiweka plagi ya kwanza mahali pa ya tatu, na ya tatu mahali pa ya kwanza. Nikawasha. Bado silinda ya tatu ndiyo iliyokufa. Basi si plagi. Nikatwaa blanketi, nikajifunika kichwa na boneti pamoja ili nipate giza, nikatazama. Nikaona cheche ya buluu inaruka kutoka kwenye waya wa tatu, chini kwa chini, inaingia kwenye chuma. Moto ulikuwa unavuja kabla ya kufika kwenye plagi.

Nilizima, nikaukunja ule waya. Mpira wake ulikuwa umekauka kwa upande wa chini, umepasuka vipandevipande. Nikatazama chini yake. Chuma kilikuwa kimeshika masizi.

Jiko! Kila msimu wa sakitu, umande unapoganda, Kefa anataka jiko la mkaa liwekwe chini ya injini usiku, eti Mzungu aliyemuuzia gari alimwambia injini ya Njombe isilale na baridi. Elieza alimkataza mara mbili mbele yangu: shemeji, funika kwa blanketi, jiko ondoa. Kefa akamwambia anajifanya mjuaji. Na mkaa niliuwasha mimi. Nilimsikia kaka yangu, na bado kila jioni nikauwasha, ili nyumba iwe na amani. Amani gani hiyo!

Nilifunga ule waya kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikauinua mbali na chuma. Gari likawaka safi, silinda zote nne.

"Basi," akasema Kefa, hanitazami, "tumpe Lameki ujumbe. Amwambie gari limepona."

"Limepona? Thubutu! Ulimtukana kwa mdomo wako, utamsafisha kwa mdomo huohuo, palepale."

Akabisha. Mara watu watamcheka, mara avae koti la Jumapili, mara hili mara lile. Saa nzima ilipotea tunagombana uani, jua linakwenda. Mwishowe nikapanda nikakaa, nikamwambia nitashuka Makambako au sishuki kabisa.

Njiani gari lilivuta vizuri, na kadiri lilivyovuta ndivyo nilivyozidi kukasirika.

Lori la manamba lilikuwa bado lipo, limejaa. Elieza amesimama humo, nyuma kabisa. Wanaomfahamu Kefa wakamsalimu, "Kamwene," naye akaitikia kwa shida. Akaanza kusema huku anatazama viatu vyake.

"Sisikii," nikamwambia.

"Hata sisi hatusikii," akadakia utingo mmoja.

Kefa akapaza sauti. "Elieza hakuiba! Hakuuza petroli! Ni mimi niliyeunguza waya kwa jiko!"

Watu waliangua kicheko. Elieza hakucheka.

"Waya wa ngapi, dada?"

"Wa tatu."

Akatikisa kichwa. "Nilikwambia, shemeji."

"Haya, shuka," akasema Kefa, huku akimnyooshea ufunguo. "Gari hili hapa, shuka."

Elieza akainua mkono wake. Dole gumba lilikuwa jeusi, wino haujakauka.

"Amekwisha kubali," akasema karani pale mezani, bila kuinua kichwa. "Miaka miwili. Akishuka, polisi."

Nilimsihi yule karani, nikamfokea, nikamsihi tena. Alifunga daftari lake. Lori likawashwa. Elieza alivua koti lake akanirushia, akasema Tanga kuna joto, litamsumbua bure.

Nilibaki nimelikumbatia lile koti hata lori likapotea. Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Kefa aliuzungusha ufunguo mkononi, akakohoa.

"Sasa, Mama Ema, Jumatatu nani ataleta mahindi kutoka Mlangali?"

"Mpe jiko lako usukani," nikamwambia.