Alichokitafuta Mavumbini

"Nisamehe, mama," Kafedha alisema, na tayari mikono yake ilikuwa imeshapindisha usukani.

Ilikuwa mara ya tatu. Tuktuk iligeuka mbele ya duka la mbao, ikairudia njia ileile ya Magogoni. Kwenye tuta Kafedha alisimama, akashuka, akainama. Alichungulia chini ya magurudumu, akautazama mtaro, akapitisha kiganja juu ya lami, kisha akakinusa. Vumbi. Mafuta kidogo. Hapakuwa na damu, wala hapakuwa na mtoto.

Alijua hapana mtoto. Alijua hata kabla ya kugeuka. Lakini kule kujua kulikuwa kama mtu anayesema naye kutoka chumba cha pili, na hofu ilikuwa papa hapa.

Nyuma alikaa Bi Mwanakheri, mama wa makamo ambaye Kafedha alimpeleka hospitali kila Jumanne kusafishwa kidonda cha mguu. Safari zote hizo hakuwahi kuuliza kitu.

"Kafedha, mwanangu," alisema sasa. "Mwaka mzima napanda chombo chako. Nilidhani wanitafutia njia isiyo na mashimo. Leo nimekuona wanusa mkono."

Kafedha alirudi kitini, akashika usukani asiondoke.

"Nahisi nimemgonga mtu. Kila nikipita tuta."

"Na ukiangalia?"

"Hamna mtu. Nikishaondoka, naona labda sikuangalia vizuri."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Hakumwambia kuwa madereva wenzake stejini walimwita Rudirudi, wala kuwa abiria wengi siku hizi walimpita wakapanda tuktuk iliyo nyuma yake. Hakumwambia kuwa juzi alirudi mara kumi na moja mahali pamoja, mpaka wenye maduka wakatoka nje kumtazama.

Walipofika hospitali, Bi Mwanakheri alimshika mkono wa shati. "Leo twashuka sote wawili. Kidonda changu hakina haraka."

Daktari Jalila wa maradhi ya akili, aliyekaa katika chumba cha mwisho cha ujia, alikuwa msichana mdogo kuliko Kafedha alivyotarajia, koti jeupe juu ya buibui. Alisikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Kisha alivuta karatasi akachora kichwa cha mtu.

"Bibi zetu wangesema una wasiwasi. Ule wa mtu kutawadha mara kumi na bado aone hajatawadha. Waliujua. Hawakujua tu unakaa wapi." Akaweka ncha ya kalamu. "Hapa, nyuma ya paji la uso, pana sehemu ya ubongo inayokagua makosa. Ikishuku hatari, inapiga kengele. Huku ndani pana sehemu nyingine iliyo kama bawabu. Jambo likishaangaliwa, bawabu hufunga mlango, mtu akaendelea na shughuli zake. Kwako mlango haufungiki vyema. Habari inazunguka, inarudi pale mbele ikiwa mbichi, kana kwamba ndiyo kwanza inafika. Macho yako yameona hakuna mtu. Kengele bado inalia."

"Kwa hivyo si pepo."

"Si pepo, na si dhambi uliyoificha. Ubongo ni kiungo, na kiungo huugua. Sehemu hizi hupelekeana habari kwa kemikali, na moja yazo huitwa serotonini. Dawa nitakayokupa huigusa hiyo. Sitakudanganya kwamba tumeshajua yote. Itachukua wiki nyingi kabla hujaona nafuu. Na kuna zoezi gumu kuliko dawa: kutorudi. Kila ukirudi, unaifundisha kengele kwamba palikuwa na hatari kweli."

Kafedha aliutazama ule mchoro.

"Kwenu kuna mwingine?" daktari aliuliza.

Alifungua kinywa aseme hapana.

"Hurithiwa?" akauliza badala yake.

"Mara nyingine. Si kila mtoto wa mgonjwa huugua. Lakini ndiyo, huandama ukoo."

Baba yake, Kiponda, alikuwa akichukua nazi kwa baiskeli, huko kijijini kwao bara. Wakati huo Kafedha alikuwa na miaka tisa. Mara nyingi alimwona baba akiteremka, akiiegemeza baiskeli kichakani, akirudi kwa miguu mpaka mahali watoto walipopita. Aliinama juu ya nyayo zao. Alichota mchanga, akautazama, akauweka mdomoni. Mwaka ule mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na maneno yakaanza: Kiponda anachukua nyayo za watoto awaroge. Wazee walimwita Kafedha chini ya paa la nyumba ya mjomba wake, wakampa kigoda akae kama mtu mzima. Wakamuuliza. Akasema alichokiona. Usiku ule nyumba yao ilichomwa, na baba akatokea mlango wa nyuma, akakimbia bila viatu. Miaka ishirini na minane ilipita. Kabla hajafa, shangazi yake alimnong'oneza kwamba Kiponda yuko Mikindani, anafagia kanisa, na Kafedha hakwenda.

Alimeza dawa kila asubuhi. Wiki za kwanza zilimpa kichefuchefu na ndoto za ajabu, basi. Zoezi lilimpa jasho. Alipita tuta, moyo ukagonga, akaendelea mbele huku akilia kwa sauti ndani ya tuktuk tupu. Siku nyingine alishindwa, akageuka. Katika wiki ya tisa alipita njia nzima ya Magogoni kwenda na kurudi, hofu ikapanda, ikakaa, ikashuka yenyewe kama homa. Alisimamisha chombo kando. Hapo ndipo alipomfikiria baba yake ambaye hofu yake haikuwahi kushushwa na mtu.

Jumapili baada ya ibada alikwenda Mikindani. Chumba cha mfagiaji kilikuwa nyuma ya kanisa, na mbele yake mzee mwembamba alikuwa akianika matambara ya kufutia viti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Padri ameshaondoka."

"Ni Kafedha."

Mzee alimalizia kuanika tambara alilolishika, akalinyoosha pembe zote nne. Kisha akaingia ndani, akaacha mlango wazi.

Kafedha alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaeleza yote: tuta, mtaro, kiganja, kengele na bawabu wake. Alieleza vibaya, akarudia, akachora hewani kwa kidole. Baba yake alisikiliza akiwa amesimama.

"Na wewe hunusa mkono?" aliuliza.

"Hunusa."

"Mimi nilionja. Damu ina chumvi. Nilisema, nikionja nitajua kama nimemuumiza mtoto." Alipapasa ukuta, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kwa hivyo kuna mwingine."

"Tuko wengi, daktari anasema. Bado yanakusumbua?"

"Baiskeli niliiacha. Siku hizi ni mlango wa kanisa. Naufunga, narudi. Naufunga, narudi."

"Mimi ndiye niliyesema, baba. Walipouliza."

"Ulisema nini?"

"Kwamba nilikuona unachota mchanga kwenye nyayo."

"Si ulikuwa umeniona?"

"Ndiyo."

"Basi." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Hata mimi sikujua nafanya nini, Kafedha. Waliposema ni uchawi, zilikuwako siku niliwaamini."

Kafedha alilia, na mzee hakumkataza. Alipotulia, alisema, "Daktari yuko Jumanne. Nitakuja kukuchukua."

Kiponda aliinuka, akatoa chupa ya chai kwenye rafu. Kikombe kilikuwa kimoja. Alikisuuza, akakikausha kwa pindo la shati lake, akakijaza mpaka juu. Kisha akasimama nacho mkononi, hakumpa. Tangu nyumba ichomwe, hakuna mtu wa kwao aliyekubali kula wala kunywa kilichotoka mkononi mwake, hata wale wachache waliokutana naye mjini wakamsalimu kwa mbali.

Kafedha alinyoosha mikono yote miwili, akakipokea. Chai ilikuwa moto, imekolea tangawizi. Akanywa.

Mzee alimtazama koo mpaka alipomeza. Halafu akajimiminia kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akaketi tena juu ya ndoo, akaanza kupuliza.